Mtoto Niliyempa Jina la Mama Yangu

Watoto wote niliowalea kule, majina yao ninayo mpaka leo, hata ya wale waliokufa. Hapa sitayaandika, ni yao. Nataka kueleza juu ya mmoja tu, msichana aliyeletwa kwetu kitovu hakijakauka, mama yake ametoroka wodini.

Nyumba yetu ya watoto ilikuwa mlimani, juu ya mji wa Kisii. Ilizungushiwa michongoma, na ufunguo wa geti ulikaa kwa metroni. Sisi walezi tulilala humo humo. Kwangu Nyamira nilienda mwisho wa mwezi, na surua ikiingia sikuenda kabisa.

Kwetu mtoto hupewa jina la mtu wa ukoo aliyekufa. Sasa huyu, ukoo wake upi? Metroni alisema tungoje. Mtoto akalia, chupa hataki. Mama yangu alikuwa amezikwa juzi juzi tu. Nikamwita kwa jina la mama. Akanyamaza, akanyonya.

Basi, nikawa nimejifunga. Mtoto ukishampa jina la mama yako, ni mama yako. Unamwita mama. Utamwachia nani?

Alipoanza kutembea, afisa wa watoto alituambia kuna mume na mke wa mbali wanamtaka. Nikaomba nimchukue mimi.

"Mumeo akubali kwanza," afisa akasema.

Nikaenda Nyamira. Nilimkuta mzee wangu akipalilia chai, nikamweleza. Alicheka mpaka akaegemea jembe.

"Nikae nyumba moja na mama mkwe? Shati nitavulia wapi?"

"Ni mtoto, baba."

"Mtoto kwa macho. Yule mkwe wangu nilikuwa nikimwona njiani najificha kwa migomba. Leo aje anikojolee magotini?"

Mama yake alikuwa kando anachambua mboga, akadakia: "Na akiolewa, ng'ombe watakuja kwa boma la nani? Mtoto asiye na kwao usiniletee hapa, mokamwana."

Mimi ndiye mokamwana, mke wa mwanawe. Nikasema basi, nitambadilisha jina.

Hapo mzee wangu aliacha kucheka. "Utamfukuza mama yako?"

Akarudi kwa jembe lake, nami nikarudi mlimani.

Wale mume na mke walikuja na sweta mpya. Mtoto alishika leso yangu, tukamfungua vidole polepole. Yule mama, mpole wa sauti, akauliza anaitwaje.

"Hana jina," metroni akasema. "Mtampa nyinyi."

Nikalitaja. Yule mama akalijaribu, likamshinda, akatabasamu. Akasema watamwita jina la kwenye Biblia. Metroni akafungua geti, wakapita, akafunga.

Walezi wenzangu waliacha kazi mmoja mmoja, wakaenda kwa mashamba yao. Mimi nilibaki. Nilijiambia, akikua akirudi kuuliza, atauliza pale getini, na nani mwingine atamwambia aliitwa nani? Mzee wangu akituma mtu kuniambia nirudi nyumbani, nilijibu bado kidogo. Akatuma tena. Bado kidogo. Nikaendelea hivyo hivyo mpaka akaoa mwingine, na nyumba yangu ikawekwa mbuzi.