Hojaji Arobaini

Nafundisha saikolojia na takwimu katika vyuo viwili, na nakiri kwamba takwimu ndizo hunipa kiburi. Mwanafunzi akipika data, nitamnasa. Wengi hupika: mtu ametakiwa kuwahoji watu arobaini, anaona uvivu, anajifungia chumbani na kalamu tatu na kuzijaza hojaji zote mwenyewe. Hawajui kwamba watu halisi hawafanani. Ukiwauliza arobaini, majibu yatatawanyika tu.

Majibu ya mwanafunzi wangu mmoja, mkazi wa mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Njenga, hayakutawanyika hata kidogo. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, kibarua wa kiwandani, mkubwa kuliko wenzake wote darasani, nao wakimwita Buda, yaani mzee. Alikuwa amechagua kupima sonona, ile huzuni inayomkalia mtu mpaka asile wala asilale, miongoni mwa vibarua wenzake. Umri ulibadilika, jinsia ilibadilika, hata rangi ya wino. Majibu yalikuwa yale yale. Nilicheka peke yangu pale mezani, nyumbani kwangu mtaa wa Lucky Summer. Jumatatu nikazipeleka darasani, nikazisoma mbele ya wote kama mfano wa data iliyopikwa vibaya. Jina sikutaja, lakini darasa zima liligeuka kumtazama. Mmoja akasema, "Buda, umetuangusha!" Wakaangua kicheko. Mimi pia nilicheka.

Hakurudi tena. Wiki ya kwanza nikasema aibu imemshika, acha imfunze. Wiki ya pili nilikuwa nafundisha dalili za sonona katika chuo kile kingine, nikitaja orodha ninayoijua kwa kichwa, na katikati ya orodha nikazikumbuka zile hojaji. Majibu arobaini yanayofanana yanaweza kutoka kwa mvivu. Yanaweza pia kutoka kwa mtu mmoja anayesema ukweli wake.

Niliahirisha kipindi, nikarudi nyumbani mbio na kuzitandaza zile hojaji sakafuni. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuzisoma kama maneno. Halali usiku. Hali chakula. Anajiona mzigo kwa watoto wake. Anaona ingekuwa heri asiwepo. Mara arobaini, na mimi nilikuwa nimepiga mstari mwekundu juu ya kila moja. Simu yake haikupatikana. Nilijichukia.

Mukuru nilipita mlango hadi mlango nikimuulizia, na kila mlango niliuogopa, maana nilitarajia mtu aniambie nimechelewa. Mama mmoja muuza mboga akanielekeza. Buda alikuwa ameketi kizingitini kwake, viatu vya kazi miguuni, saa sita mchana, kazini hakwenda. Yuko hai.

"Madam," akasema, bila kushangaa. "Umepotea njia ama?"

"Zile fomu," nikasema. "Uliwahoji kina nani?"

"Hao wasee, hao watu wote arobaini, ni mimi. Nilianza na yangu. Nikafika kwa jirani, nikaogopa kumuuliza hayo maswali. Akiniuliza na mimi, nitasema nini? Nikarudi kwa nyumba nikaendelea tu kujaza."

"Na mbona hukuniambia?"

"Si nilikuandikia, Madam. Nilidhani utaona."

Nikaomba msamaha. Akanyanyua mabega. Ndipo nikamuuliza kama leo pia anafikiria kujiua. Nilimuuliza wazi, jinsi ninavyowafundisha wanafunzi wangu waulize. Akaitikia kwa kichwa. Nami na shahada zangu tatu sikujua la kufuata. Miaka yote nimefundisha namna ya kuuliza na namna ya kujumlisha majibu. La kufanya mtu anapokuitikia hivyo mbele ya macho yako sijawahi kulifundisha. Nikamwambia tuondoke sasa hivi, twende hospitali. Akasema kesho. Nikamshika mkono wa shati nisiuachie, nikimsihi, nikilia bila haya mbele ya majirani zake, naye akazidi kuniambia kwa upole, kesho, Madam, kesho.