Sukari Kilo Mbili na Kuku wa Kwenye Simu

Hii stori inanionyesha mjinga. Ukimaliza kuisoma utaniita mjinga, na wewe ita tu. Kuna watu wamekutangulia, na wako na vyeti.

Mimi ni wa boda hapa Kaptembwo. Niliachia shule darasa la nane, lakini mdomo uliendelea mpaka chuo kikuu. Steji yetu mtu akinuna naitwa mimi nimchekeshe. Ndivyo mama mmoja mpelelezi akanipata. Alikuwa ametoka Nairobi, akapanga nyumba Milimani, na kazi yake ilikuwa kuuliza watu waliokimbia zile vita za kikabila: nani alichoma, nani aliuawa, nani alizikwa wapi. Gari yake ilikuwa inamuuza. Ikiingia kwa ploti, watoto wanaikimbilia na watu wazima wanafunga milango. Lakini pikipiki, nani anaangalia pikipiki? Akanikodi nimbebe. Siku ya kwanza akanipa sheria moja.

"Shahidi hapewi kitu. Hata maji. Tumesikizana?"

"Sawa, madam. Na akinipa mimi?"

"Na wewe hupewi."

Nikacheka. Nikajua hiyo ni sheria ya watu wa ofisi.

Shahidi alikuwa mathe mmoja, mama mzee wa rika la shosho yangu, anakaa chumba moja ya mabati, mlango wa bluu. Zamani walikuwa na shamba huko juu kwa baridi, kijiji sitataja. Mimi niliachwa nje nichunge mlango, lakini mabati haina siri.

Alisema siku ile watu wa kijiji walijificha ndani ya nyumba ya kupimia maziwa, kwa sababu ilikuwa ya mawe. Mzee wake aliingia, na msichana wake wa kwanza. Yeye alikuwa nyuma kidogo, akajilaza kwa napia, zile nyasi ndefu za ng'ombe. Akaona vijana wakija na mishale na panga, na mbele yao jamaa aliyekuwa ananunua maziwa yake kila asubuhi. Amebeba debe. Debe lenyewe lilikuwa la mathe, liko na rangi nyekundu kwa shingo, alikuwa amempatia jana yake likiwa limejaa maziwa. Mlango ukafungwa kwa nje.

"Ulijuaje ndani ya debe ni petroli?" mpelelezi akauliza pole pole.

"Maziwa haiwaki, mama."

Nilisimama hapo nje na helmeti mkononi.

Huyo mnunuzi wa maziwa siku hizi ni mheshimiwa. Ako na geti Milimani ndefu kuliko hii ploti yetu. Wengine walioona, wengine wamekufa, wengine wameamua hawakuona. Aliyebaki ni mathe pekee. Wiki hiyo hiyo alikuwa aende kurudia maneno yake mbele ya kikao cha tume ya hizo vita, na wakili wa mheshimiwa akiwa amekaa hapo anasikiza.

Sasa skiza ujinga wangu.

Kesho yake nilipeleka mtu Dundori, nikarudi na viazi. Nikapitia dukani nikachukua sukari kilo mbili, majani ya chai na mkate. Huku kwetu huendi kwa mtu mzima mikono mitupu, tena mtu umemsikia akilia. Mama yangu angenichapa hata na hizi ndevu. Mathe alifurahi, akanishika kichwa akaniombea. Nikampiga picha ameshika ile sukari. Na nilikuwa makini, usifikirie! Nilijua uso wake haufai kuonekana, nikaufunika na kile kikatuni cha kuku. Halafu nikaiweka status kwa simu: "Mathe akiongea poa, wiki ijayo namletea kuku mzima."

Steji walicheka mpaka mmoja akaangusha pikipiki.

Simu yangu iko na namba za kila mtu nimewahi kubeba hii tao, na wote huona status yangu. Hata dereva wa mheshimiwa.

Kikao kilikuwa kwa ukumbi wa hoteli moja. Wakili aliitoa hiyo picha ikiwa kubwa kama kalenda, na ule mlango wa bluu unaonekana nyuma ya kuku. Nikaitwa mbele.

"Hii ni picha yako?"

"Ni yangu, boss."

"Na huyu kuku ni nani?"

Watu wakacheka. Mimi hucheka na watu siku yote, lakini hiyo kicheko ilinikata. Mathe alikuwa amekaa mbele na kitambaa chake cha kanisani, mikono kwa magoti. Hakuwa ameambiwa kuhusu kuku.

"Kuongea poa ni kuongea vipi? Poa kwa nani?"

"Ilikuwa mzaha tu."

"Na sukari? Pia ilikuwa mzaha?"

Nikatafuta macho ya mpelelezi. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Wenye kikao wakasema shahidi amepewa vitu, kwa hivyo maneno yake yawekwe kando. Na kwa sababu hakukuwa na shahidi mwingine, hicho kijiji kikatolewa kwa faili. Kijiji kizima. Mheshimiwa alitoka nje akisalimia watu.

Kilo mbili! Hasira ya hiyo sukari bado ninayo. Huyo mtu kila matanga anatuma lori ya mchele na hema iko na sura yake, na hakuna wakili amewahi kuuliza ni ya nini. Anaitwa mtu wa watu. Mimi nikibeba mkate ni hongo. Watu waliungua wakiwa wamefungiwa, na kitu imechunguzwa mpaka mwisho ni sukari yangu! Nimekasirikia wakili. Nimekasirikia mpelelezi na sheria zake za kunyima mtu hata maji ndani ya nyumba yake mwenyewe. Nimekasirikia dereva. Nikimaliza hao wote, narudi kwa hii kidole gumba iliyoweka ile status, kwa sababu hakuna mtu aliishika akaibonyeza.

Nilikaa siku kadhaa kabla sijaenda kwa mathe. Nilienda mikono mitupu, fikiria. Alikuwa kwa mlango anachagua maharagwe. Ile sukari niliiona kwa rafu nyuma yake, bado imefungwa, alikuwa ameiwekea wageni. Nikamwambia pole. Nikaanza kueleza mambo ya status, nikaeleza vibaya, hata nikaweka kamzaha hapo katikati, kwa sababu sijui kuongea vingine.

Akaweka ungo chini.

"Kijana yangu," akasema, "mimi nimekaa hii miaka yote nikingoja mtu aniulize nilichoona. Wewe ulishindwa kukaa siku moja bila kuchekesha watu?"