Namba Iliyochuruzika

Ami yangu, mdogo wake baba, alipochoka kubeba mawe kwa mashua, alinunua lori kuukuu la jeshi mnadani akaliweka Mokowe, bara, ng'ambo ya kisiwa chetu, apate kubebea mchanga. Waliomuuzia walimwambia afute alama zote kabla ya kulitia barabarani. Alilipaka lori zima buluu, lakini namba nyeupe za kwenye bampa ya mbele, zile zinazopigwa jeshini kwa bati lililotobolewa, hakuzigusa. Alizizungushia ile rangi yake ya zamani, kijani cha kijeshi.

"Ami, si umeambiwa ufute?" nilimuuliza.

"Ina la chombo halifutwi, mwanangu. Hata mashua niliinunua na ina lake, na Mngu kaniweka."

Kwetu ndivyo ilivyo. Ukinunua chombo unakipokea na jina lake, ukilifuta umejitakia balaa. Lakini lile lilikuwa lori, na zile zilikuwa namba tu. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Yeye wala hakujali. Asubuhi ya safari ya kwanza nilimkuta amechutama mbele ya lori na kopo la rangi nyeupe, anazikoleza kwa brashi. Mkono wake siku hizi unatetemeka, na rangi ilichuruzika kutoka kwenye saba hadi ukingoni mwa bampa. Mimi uchafu siuwezi. Nilichovya kitambaa kwenye mafuta ya taa ili niipanguse.

"Iwate," alisema. "Ndia ni ndefu, twende zetu."

Nilinung'unika, nikapanda.

Tulipokaribia kizuizi cha wanajeshi, kwenye barabara ya kwenda mji wa Hindi, tuliona bunduki zimetuelekea. Kuonyesha kitambulisho nimezoea, sote tumezoea. Tundu la bunduki lilikuwa halijawahi kunitazama. Ami alishushwa, akalazwa kifudifudi mchangani, kofia yake ikaangukia mtaroni. Ndiye aliyenilea baada ya baba kufa, na sasa buti lilikuwa karibu na shavu lake. Nilitaka kusoma dua yoyote, hakuna iliyonijia.

"Hizi namba za jeshi umeziandika wewe?"

"Ni zenu," Ami alijibu, mchanga ukimwingia mdomoni. "Mimi nimezikoleza tu."

Nikajua amekwisha. Nilizitoa karatasi za mnada kikapuni, nikawanyooshea. Walizisoma kwa zamu, wakapiga simu, wakazisoma tena. Mwishowe walimwinua, wakampa msasa, wakamsimamia mpaka namba zote zikatoka. Machozi yalimtoka, nami nilikuwa nalia.

Askari aliyekuwa ametulenga kwanza aliketi kwenye jiwe, jasho linamtiririka. Alikuwa kijana, mdogo kuliko mwanangu wa kwanza.

"Mama," aliniambia, "kuna watu walishatujia na gari lenye namba kama hizi. Tukawafungulia. Nilizika wenzangu." Alijifuta jasho usoni. "Leo niliapa sifungui. Kidole kilikuwa tayari. Ndipo nikaona ile rangi imechuruzika. Wale ni watu makini, wasingeiacha vile. Nikasema, hii ni kazi ya mzee fulani."

Nilirudi kwenye lori, nikakaa. Kitambaa changu kilikuwa bado pale kwenye kiti, kinanuka mafuta ya taa, hakijapangusa kitu.