Siku Niliyoinyamazisha Kompyuta ya Mwalimu

Mwalimu aliyenifundisha darasa la sita pale Kilosa alipofuka akiwa amebakiza miaka michache kustaafu. Presha ya macho ilianzia jicho la kushoto, na kabla hajakubali kwenda hospitali Morogoro ikawa imeshachukua na la kulia. Wakati huo mimi nilikuwa Kidodi, karani wa kupiga chapa kwenye shamba la miwa, na habari zake nilikuwa nazipata vipande vipande. Baadaye shamba likapata mmiliki mpya, makarani tukapunguzwa karibu wote. Nikaenda Morogoro kujifunza kompyuta, kisha nikafungua chumba cha kuchapa barua na kutoa fotokopi Mikumi, kando ya barabara kuu. Kuchapa nilijua vizuri. Ufundi wa kompyuta niliupata kwa kuharibu na kutengeneza, na siku nyingi kuharibu kulitangulia.

Kwa hiyo Mwalimu alipomtuma kondakta wa basi aje kuniambia kwamba mashine yake imeingia virusi, nilifunga sidii zangu na bisibisi kwenye mfuko, Jumamosi asubuhi nikapanda basi la Kilosa.

Mashine ile alipewa na marafiki wa kanisa wa ng'ambo, na ilikuwa inaongea. Kila herufi aliyobonyeza ilitamkwa, na akimaliza mstari alisomewa mstari mzima, kwa sauti ya mwanamume wa Kizungu aliyeyavunja maneno yetu bila huruma. Mke wa Mwalimu alimwita "mgeni wetu." Kwa msaada wa mgeni huyo Mwalimu alikuwa anakusanya maneno ya Kisagara: majina ya mimea ya mlimani, ya vyombo, ya hatua za kulima ambazo watoto wa siku hizi hawazitaji tena. Watu wazima walimjia kutoka Lumuma na Kisanga, wakikaa naye sebuleni wakibishana juu ya neno moja, na yeye akiandika. Kazi hiyo ilikuwa na miaka minne.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja na basi la kwanza. Vizuri. Mgeni ameugua, anarudia neno moja mpaka mama anatoka nje."

Niliangalia, nikaona hakuna njia ila kupiga window upya, kama tulivyosema sisi tuliofundishana kazi hiyo, yaani kufuta kila kitu na kuanza kuweka programu moja moja. Nilinakili maneno yake yote kwenye flopi, zile diski ndogo za plastiki, nikafungua faili moja moja kuhakikisha limo. Halafu nikafanya jambo ambalo sikuombwa. Kasha la mashine lilikuwa limejaa vumbi jekundu, nikalifungua, nikachomoa kadi ya sauti, ile inayoifanya kompyuta isikike, nikaifuta kwa brashi na kuirudisha. Nikaona tundu la skrubu juu ya kadi liko tupu. Fundi wa kwanza mvivu, nikasema moyoni. Nikatafuta skrubu kwenye mfuko wangu, nikakaza mpaka mwisho, nikajisifu.

Karibu saa sita kila kitu kilikuwa kimeshawekwa, pamoja na ile programu ya kusoma. "Tayari, Mwalimu," nikamwambia. Akavuta kiti, akapapasa kibodi mpaka vidole vikapata nafasi zake, akaandika jina lake. Kwenye skrini nililiona limekaa sawasawa. Yeye aliinamisha kichwa kidogo, akasubiri. Akaandika tena.

"Hasemi," akasema.

"Nipe dakika moja."

Nilikagua waya wa spika. Nikapandisha sauti. Nikafungua orodha ya vifaa, nikitegemea kuona kadi ina alama ya njano, maana hiyo ningejua la kuifanya: ni kuitafutia programu yake tu. Lakini kadi haikuwemo kabisa. Kwa kompyuta ile, pale ndani hakukuwa na kitu. Nikazima, nikafungua, nikaichomoa, nikasugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, nikaihamishia nafasi ya pili, nikakaza skrubu. Nikawasha. Hakuna. Nikaihamishia nafasi ya tatu, nikakaza. Hakuna.

Hapo jasho likaanza kunitoka kwapani. Nilikumbuka brashi yangu ilikuwa ya nailoni, na mwalimu wetu wa Morogoro alikuwa ametuonya kwamba umeme mdogo wa nguo na brashi unaweza kuua kadi bila hata cheche kuonekana. Niliamini nimeiua. Kadi ya namna ile ingetafutwa Dar es Salaam, ikipatikana, na wakati huo wote yule mzee angekaa mbele ya kibodi isiyomjibu. Maneno yake yalikuwa salama kwenye flopi, lakini kwake yalikuwa salama kama yalivyo salama maandishi ndani ya kitabu kilichofungwa kamba.

Mama alileta ugali na mlenda na dagaa, akaweka mezani. Nilinawa, nikamega tonge moja, likanishinda kumeza.

"Umefika wapi?" Mwalimu akauliza.

"Inaendelea vizuri, Mwalimu."

"Usinijibu kama walivyokuwa wananijibu hospitali."

Darasa la sita aliwahi kunisimamisha mbele ya wenzangu kwa kusema nimemaliza hesabu ambazo sikuzifanya, na sasa nikiwa na watoto wawili bado nilisikia aibu ile ile masikioni. Nikamwambia yote: brashi, vumbi, kadi isiyoonekana. "Nadhani nimeiua, Mwalimu. Na haikuwa na ubaya wowote mpaka nilipoigusa. Nisamehe."

Hakusema amenisamehe, wala hakukasirika. Aliuliza, "Hiyo kadi ina umbo gani?"

"Kibao chembamba, kama nusu ya daftari. Kinasimama juu ya bodi kubwa."

"Zima. Chomoa kabisa ukutani. Nataka kuishika."

Akafuta mikono kwa taulo, akapeleka vidole ndani ya kasha, nami nikamwongoza mkono wa kulia. Alianza kwenye skrubu, akashuka, akafuata ukingo wa chini taratibu mpaka mwisho. Akarudi. Akaenda tena.

"Huku kwenye skrubu imezama," akasema. "Huku mwisho imeinuka."

"Mbona naiona imenyooka?"

"Wewe unaitazama kutoka juu."

Niliinama mpaka shavu likagusa meza, nikawasha tochi. Kweli. Upande wa mbali meno ya dhahabu yalikuwa yametoka nje kidogo, mstari mwembamba kama uzi. Bati la kadi, lile linaloshikwa na skrubu, lilikuwa limepinda, na kila nilipokaza skrubu lilivuta upande mmoja chini na kuinua wa pili. Nafasi tatu, kosa moja, na mkosaji mmoja. Yule fundi niliyemwita mvivu aliacha tundu wazi kwa kujua anachofanya.

Nikatoa skrubu. "Sukuma wewe," nikamwambia Mwalimu, sijui kwa nini. Akaweka vidole gumba viwili, akasukuma, na sote tukasikia *tak*.

Nilipowasha, skrini ikaandika kwamba kimepatikana kifaa kipya. Nadhani nilipiga kelele, kwa sababu mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Kompyuta ikaomba flopi yenye programu ya kadi. Mwalimu akamgeukia mkewe: "Mama, ile bahasha iliyokuja na mashine?" Ilikuwa kabatini, katikati ya vyeti vya ubatizo wa watoto. Flopi ikakwaruza, ikasimama, ikakwaruza tena, mimi nikiwa nimeshika ukingo wa meza. Kisha ukaja ule muziki mfupi wa kuwaka, na baada yake sauti ya Mzungu ikasoma herufi za kwanza zilizokuwa mbele yake.

"Mgeni wetu amerudi!" mama akasema, akacheka mpaka akakaa kwenye mkono wa kochi.

Mwalimu aliandika mstari mzima, akausikiliza. Mgeni alitamka neno moja vibaya kuliko zamani, naye akamsahihisha kwa sauti, kama anavyosahihishwa mtoto wa darasa la kwanza. Nikarudisha faili kutoka kwenye flopi. Alitaka kusikia mwanzo wa kila moja, nikakaa pembeni nikimsikiliza anavyosikiliza, na mabega yangu yakashuka polepole. Ugali ulikuwa umepoa. Niliumaliza wote, na mlenda, na dagaa wa mwisho.

Aliifanya kazi ile miaka mingine mitatu. Orodha ilipokamilika niliichapa mimi, na nakala moja iko maktaba ya shule aliyofundisha.

Siku ile walinisindikiza hadi langoni. "Next time," Mwalimu akasema kwa Kiingereza chake cha darasani, kisha akabadili: "Siku nyingine useme mapema." Nikasema ndiyo. Ndani ya basi nilisinzia licha ya mashimo yote ya ile barabara, kichwa kikigonga kioo, mpaka kondakta aliponiamsha Mikumi. Jua lilikuwa bado liko juu. Mtu alikuwa anasubiri mlangoni kwangu na barua ya maombi ya kazi, nikafungua, nikamchapia.