Kamio Yenye Ilinyamazishwa na Mawese

Ilianza Jumamosi, siku ya posho, saa tisa ya muchana, watu wa kartie yetu, mutaa muzima, wakiwa wanakata majani ya salongo, ile kazi ya lazima ya serikali. Kamio ya baba, lori yake, ilirudi kutoka Tunda, na ilipofunga freni, yaani breki, mbele ya mulango wetu ikalia kama mbuzi anachinjwa na kisu butu. Watu wakaacha majani. Hata mukubwa wa chama wa kartie, mwenye kazi yake njo kuangalia kama watu wanakata, naye akaja kusikiliza.

Naandika na hasira, kwa sababu kesho yake mama alipaswa kupanda kamio ile kwenda Pangi, kwa matanga ya dada yake. Njia ya Pangi iko na mulima mumoja unashuka moja kwa moja mpaka kwenye daraja ya miti. Baba mudogo, mwenye anaendesha kamio, anaujua kuliko sisi wote.

Basi wakaanza uganga wao. Baba mudogo akaenda mbele, akakanyaga freni, akarudi nyuma, akakanyaga, na wanaume wakatembea pembeni wameinamisha vichwa kama daktari anasikiliza kifua.

"Njo gurudumu ya nyuma," alisema mukubwa wa chama.

"Iko ya mbele, sitwayeni," alisema muzee jirani yetu, akimwita "mwananchi" kama serikali inavyotaka, mwenye zamani alifanya kazi kwa gari ya moshi na hajachoka kutukumbusha. "Na dawa yake naijua. Kwa gari ya moshi, chuma ikilia, inaomba mafuta."

Gari ya moshi yenyewe hatujui inafika siku gani, lakini midomo ya mafundi yake haichelewe.

"Muitulize haraka," alisema mukubwa wa chama. "Kesho itapita mbele ya ofisi ya komisere wa serikali. Na kilio hii? Watasema kartie yangu inalalamika."

Watu walicheka. Yeye hakucheka, wakaacha.

Wakatoa gurudumu ya mbele. Nilikuwa nyuma ya mulango wa jiko, mahali pangu siku zote, na niliona vizuri: kile kipande kigumu chenye kinabana gurudumu kilikuwa kimelika kama kisigino cha kandambili ya zamani, misumari yake inangaa. Wote waliona. Hakuna mwenye alisema "imeisha", kwa sababu kingine hakipatikane hapa Kindu, na mwenye angesema angekuwa muntu wa kuleta habari mubaya.

"Itafika Pangi?" baba aliuliza.

"Na kurudi!" muzee alijibu.

Baba mudogo akaingia jikoni, akanipita kama mimi niko mutungi, akachukua chupa ya mawese yenye mama aliweka kwa ajili ya matanga. Wakapaka kile kipande polepole, kama mutoto muchanga anatoka kuoga. Wakarudisha gurudumu. Baba mudogo akakanyaga. Kimya. Wakapiga makofi! Mukubwa wa chama akapeana mukono na kila muntu, yeye mwenye hakushika hata spana.

Mutoto yeyote mwenye amepanda kinga, baiskeli ya baba yake, hapa Kindu anajua: ukitia mafuta kwenye freni, kelele inaisha, na wewe unaishia ndani ya mufereji. Wanaume hawa wote wamepanda kinga.

Jioni nilimwambia mama.

"Mwambie baba yako," alisema. "Mimi nikisema, watasema kilio kimenivuruga kichwa."

Nikaenda. Baba alikuwa amekaa na muzee.

"Unataka nini?"

"Chakula iko tayari," nilisema.

Hata moto ulikuwa haujawaka.

Asubuhi mama alikuwa amekaa tayari pembeni ya baba mudogo, motere inanguruma. Waganga wawili wa kamio walikuja kuaga, wamevaa vizuri. Nikapanda juu ya mizigo, nikachukua kitunga ya mama, nikaishusha chini.

"Wewe! Una kichaa?" baba alipiga kelele.

"Mama hapande." Sauti ilitoka kama ya paka. "Kama imepona, wenye waliiponyesha wapande kwanza. Washuke nayo hapa kwenye mutelemuko wa mutoni."

Sijawahi kusema maneno mingi vile mbele ya watu.

"Haya, wazee, pandeni," baba mudogo alisema. "Ni hapa karibu tu."

Mukubwa wa chama akakumbuka mukutano, Jumapili, siku ya yenga, asubuhi. Muzee akashika goti lake, akalalamika kwamba linamuuma tangu mvua ya juzi. Baba mudogo akaangalia mumoja, akaangalia mwengine, kisha akazima motere na kushuka kutafuta jeki. Baba alifungua mulango upande wa mama.

Nikajitwika kitunga, nikaenda na mama mpaka sokoni kutafuta kamio ingine. Freni yake ikilia, vizuri.