Akikanyaga Freni

Kombi yetu ilianza kununa mwanzoni mwa mvua. Bwana yangu, baba wa watoto wangu, aliinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao, akajivunia mbele ya ofisi nzima kwamba si motokari ya karbirateri kama za wengine, ni ya injeksio, inayopuliziwa mafuta kwa pampu. Sawa, injeksio. Lakini asubuhi ikisimama mbele ya nyumba, ralanti yake, mngurumo wa moteri bila kukanyaga mafuta, ilipanda na kushuka yenyewe, moteri ikitetemeka hata vioo vikalia. Na kwenye milima ya Bukavu akikanyaga mafuta, ilizubaa kwanza, kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu, ndipo iende.

Miaka ile ya Zaïre kila ugonjwa wa motokari ulikuwa na jina moja: esansi mbaya, yaani petroli chafu. Wauzaji waliichanganya na mafuta ya taa, wengine hata na maji, kila mtu alijua. Basi bwana yangu alichuja esansi kwa kitambaa, akabadilisha filtre, akasafisha buji zinazowasha moto, mwishowe akafungua kidogo vis, ile skrubu ya ralanti, ili moteri isizime. Ikatulia. Alikuja kwangu jikoni na mikono myeusi, anacheka, akaniita kama anavyoniita siku zote.

"Maman, imeisha kupona."

Imepona wapi! Mimi nilikaa kando yake kila siku, masikio yangu hayakuwa na kazi nyingine. Akikanyaga freni, sauti ya moteri inageuka, na karibu na miguu yake kitu kinavuta pumzi, fsss. Akiachilia, sauti inarudi. Nilimwambia.

"Freni na ralanti, vinajuana wapi?" akanijibu. "Iko esansi tu."

Baadaye sana fundi alinielezea kwamba chombo kinachosaidia freni kinatumia mvuto wa hewa wa moteri, na kwamba mpira wa ndani yake ulikuwa umepasuka. Tundu hilo moja liliharibu ralanti, likaiba nguvu ya kupanda, na huku lilikuwa linaua freni polepole. Lakini siku zile mimi sikujua hayo. Nilikuwa naogopa tu, na nilichukia kuchekwa.

Ikafika siku ya kushuka Luberizi, bondeni kwa mama yangu, kuchukua mpunga kabla haujaharibika. Barabara ile ikipita Nyangezi inateremka mlimani kona kwa kona, ukuta wa udongo upande mmoja, shimo upande wa pili. Watoto wetu wawili walikuwa nyuma wanaimba. Karibu na Nyangezi ng'ombe alivuka barabara. Bwana yangu alikanyaga freni, kisha akainuka kitini kabisa, akaikanyaga kwa uzito wake wote. Tuliposimama, ng'ombe alikuwa ameshapita kitambo.

"Pedali iko nguvu kidogo kuikanyaga," akasema, anapangusa jasho. Watoto waliacha kuimba.

"Tushuke wote," nikasema. "Iache hapa."

"Maman, usinipatishe haya mbele ya watu."

"Sikio la kufa halisikii dawa," nilimwambia, na papo hapo nikajuta kutaja kufa.

Nilishuka na watoto kwenye soko la Nyangezi. Nilimwomba tena, nikishika mlango. Alisema tutamkuta chini, akaondoka. Tulipata kamio, lori la mizigo, iliyokuwa inaenda kupakia mchele, tukapanda. Kila kona nilichungulia shimoni. Nilikuwa namlaani na kumwombea kwa Bikira Maria kwa pumzi ileile moja.

Tulimkuta katikati ya mteremko, amekaa chini kando ya barabara, damu kidogo usoni. Kombi ilikuwa imejibana kwenye ukuta wa mlima kwa upande wa kuume, upande ninaokaa mimi. Kiti changu kilikuwa kimesukumwa hadi kwenye benchi la watoto, na mlango wangu umeingia humo ndani. Nilimshika mabega nikamtikisa, nikamtukana, nikalia.

"Freni ilikatala," akasema. "Mulima ilikuwa upande yako, shimo upande yangu. Nikageuzia kwa mulima."

Nikamwuliza, je, kama nisingeshuka?

Alitazama kile kiti, kisha akaniangalia mimi.

"Kama ulikuwa pale, maman, mikono yangu ingekatala kugeuzia kwa mulima."