Ukumbi wa Kelele

Kwa miaka kumi na tisa, mahali pekee ambapo Shangazi hakuwa kiziwi ni ukumbi wa kufumia vitambaa. Mashine arobaini zilinguruma humo kutwa; hata mtu angekupigia ukelele sikioni, usingeambulia neno. Basi wote walisema kwa mikono, na lugha hiyo aliwafundisha yeye, maana aliishi nayo tangu homa ilipomziba masikio akiwa na miaka mitatu. Kila mgeni alipelekwa kwake kwanza akafundwe.

Jirani yake wa mashine alikuwa wifi yake, mke wa kaka yake.

"Macho yamekuvimba, wifi. Kaka yangu kafanya nini tena?" mikono ya Shangazi iliuliza.

"Anakoroma. Wewe Mungu alikupenda, kakuziba mapema."

Walicheka mpaka wakasahau nyuzi zao.

Shangazi alikuwa na ujuzi mwingine. Uzi ukikatika, mfumaji husimamisha mashine, akaingiza mkono kuuunga, na breki ndiyo inayoishikilia mashine isiruke. Breki ikianza kuchoka, sakafu hutetemeka kidogo. Shangazi aliujua mtetemo huo kwa nyayo kabla fundi hajaujua kwa vyombo vyake. Aliinua mkono, mashine ikazimwa, breki ikabadilishwa. Hakuna aliyeliandika hilo popote.

Ndipo ikaja siku ya afya ya wafanyakazi. Muuguzi akamvisha vidude masikioni, akabonyeza vitufe, akaandika: hasikii kabisa. Maajabu! Jambo ambalo hata paka wa getini alilijua. Wiki iliyofuata akaja afisa ustawi na barua: mwenye masikio yaliyoathirika haruhusiwi kukaa kwenye kelele. Shangazi atahamia ghorofani, chumba cha kufungasha. Kadi yake ya mlango wa ukumbi ikachukuliwa.

"Mwambie kelele siijui," Shangazi alimwambia wifi yake kwa mikono. "Anirudishe kwenye mashine yangu."

Wifi alifasiri. Afisa akaweka kiganja kifuani. "Mwambie tunamjali. Ni kwa faida yake mwenyewe."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Walimlinda mama wa watu asipoteze kitu ambacho hana.

Ghorofani alipewa kiti chenye mto, akapigwa picha, picha ikabandikwa ubaoni. Wafungashaji hawakuwa wabaya. Walipiga soga wakiwa wameinamia maboksi, midomo haionekani, na walipomkumbuka walimwinulia dole gumba. Asubuhi dole gumba, mchana dole gumba. Upweke ulimla. Kila Ijumaa alimtuma wifi yake akaombe arudishwe, na kila Ijumaa jibu lilikuwa kwamba suala linashughulikiwa.

Mwezi wa tatu tangu ahamishwe, asubuhi moja, mtetemo ulipanda kwenye miguu ya kiti chake. Ukatulia, ukarudi. Aliutambua papo hapo, na ulitoka upande wa mashine ya wifi yake. Akamkimbilia msimamizi: breki, zimeni, haraka! Mikono yake ilisema yote, lakini kule juu hakuna aliyeijua lugha hiyo. Msimamizi akadhani amepandwa na presha. Akamkalisha, akamletea maji, akamwinulia dole gumba.

Alimsukuma, akashuka ngazi mbio. Mlango wa ukumbi ulitaka kadi. Akagonga kwa ngumi, akagonga kwa viganja, akagonga kwa kipaji cha uso. Ni nani wa kusikia mlango ukigongwa mbele ya mashine arobaini? Kwenye kidirisha cha kioo alimwona wifi yake amempa mgongo, anaingiza mkono kuunga uzi. Kisha akaona mabega yake yakiruka.

Afisa alikwenda hospitali na matunda. Hakumwachisha wifi kazi, tumpe haki yake. Alimwandikia barua kama ile ya kwanza: kazi nyepesi, ghorofani, kiti chenye mto, kando ya Shangazi.

Siku ya kwanza walikaa bega kwa bega, wafungashaji wakipiga soga zao. Shangazi aliuliza, "Wifi, unaumwa?"

Wifi akasahau, akainua mkono wa kulia kumjibu kama walivyozoea. Vidole vinne vilikuwa vimebaki kwenye mashine. Kilichosimama ni dole gumba.